Pa Kulala Hupangwa Mombasa

Nilishuka kwenye matatu pale Chaani Jumamosi jioni, begi likinikata bega. Ndani mlikuwa na nguo tatu na vitabu saba. Likizo yetu ya katikati ya muhula ni wiki moja tu, na kabla sijatoka Kilifi nilikuwa nimeshajiandikia ratiba: mada mbili kila siku, alfajiri mpaka usiku. Kupumzika? Ningepumzika nikishamaliza.

Sababu nilikuwa nayo. Muhula uliopita nilianguka somo la takwimu. Nilikesha siku mbili mfululizo, nikaingia kwenye mtihani, nikalisoma swali la kwanza mara nne na lisiniingie. Sasa sapu ilikuwa inaningoja. Nyumbani nilikuwa nimesema matokeo bado hayajatoka.

Chaani si mahali pa kimya. Malori ya bandarini hayana usiku wala mchana, ndege zinazotua Moi International zinapita juu ya mabati, na mamangu huuza mahamri na mbaazi mlangoni, kwa hivyo wateja wanabisha kabla jua halijachomoza. Lakini nikilaumu kelele nitakuwa nadanganya. Nilikaa na kitabu mapajani na simu mkononi. Nikitoka barazani kupiga stori na wenzangu, nakifikiria kitabu. Nikirudi kwenye kitabu, nasikia wanavyocheka nje. Kufikia Jumanne nilikuwa ukurasa wa 34. Sikuwa nimesoma, na wala sikuwa nimepumzika.

Usiku huo mjomba akafika. Yeye ni dereva wa trela, hubeba makontena kutoka Kilindini mpaka Malaba, na akiwa Mombasa hulala kwetu. Alinikuta sebuleni saa nane ya usiku.

"Wasoma au wapigana?"

"Nasoma, mjomba."

"Huo ukurasa hujaupindua tangu nilipoingia kuoga."

Akaketi, taulo shingoni. "Wajua nikienda Malaba mimi hulala wapi?"

"Popote utakapochoka, nadhani."

"La. Ningekuwa nangoja nichoke, saa hii mngekuwa mshanizika. Pa kulala napapanga nikiwa hapa hapa Mombasa. Kituo cha kwanza Mtito Andei. Nikifika nimechoka, nalala. Nikifika nina nguvu za kwenda mpaka Nairobi, nalala vile vile."

Kisha akaniambia kuhusu mwenzake mmoja, ambaye usiku fulani alisema zimebaki kilomita chache, wacha nisukume tu. Hakumaliza hadithi, nami sikuuliza.

Tangu 2012 sheria ya trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Wanafunzi hatuna sheria kama hiyo. Sisi hata twajisifu: mimi sijalala siku mbili, wewe je? Na cha kuchekesha ni kwamba nasomea ualimu, na jibu lilikuwa ndani ya begi langu, kwenye kitabu cha saikolojia. Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Wakilala baada ya kukariri, walikumbuka zaidi kuliko wakikaa macho kwa muda ule ule. Hayo nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Kuyafuata ndiyo sikuwahi.

Jumatano nikaichana ratiba. Niliamka saa kumi na mamangu, nikafanya hesabu za takwimu jikoni huku yeye akisukuma mahamri, mpaka wateja walipoanza kuja. Nikamsaidia kuuza, nikasoma tena saa mbili, basi. Mchana nikalala. Jioni nikatoka barazani bila kitabu na bila simu, na safari hii nilisikia hadithi za watu mpaka mwisho.

Lakini usingizi wa usiku ulikuwa bado unagoma, na kilichouzuia nilikijua. Alhamisi alfajiri nikamwambia mamangu: matokeo yalishatoka, na nilianguka.

Hakuacha kukata unga. "Nilijua. Mtu aliyefaulu hasomi saa nane za usiku." Kisha akaniashiria karai. "Geuza hayo, yaungua."

Nikageuza. Hatukulizungumza tena, na usiku huo nililala kama mtoto.

Ijumaa nilimuuliza, "Na wewe, mama, pa kulala wapanga wapi?" Akacheka, akasema yeye atalala nikipata kazi. Lilikuwa neno lile lile nililokuja nalo kutoka Kilifi: nitapumzika nikishamaliza. Sasa nikajua nilikolitoa.

Basi Jumamosi nilitega saa ya simu, nikaamka kabla yake, nikaufunga mlango wake polepole. Mahamri yangu yalitoka yamepinda, wateja wakanicheka, wakanunua. Mamangu aliamka saa moja na nusu jua likiwa limeshatoka, akasimama mlangoni na leso yake, akauliza nani ameharibu biashara yake.

Nimerudi Kilifi na vitabu vinne ambavyo sikuvifungua. Sapu ni wiki ijayo. Usiku wa kuamkia mtihani nitalala saa nne. Nimeshapanga.