Msikiti wa Kizimkazi Dimbani

Ndugu msomaji, ukitoka Mjini Unguja kwa njia ya Kusini, ukapita Kitogani, utafika Kizimkazi Dimbani, kijiji cha wavuvi. Hapo karibu na pwani upo msikiti mdogo wenye paa la mabati. Asiyeujua huupita akidhani ni ghala.

Sisi tulipelekwa huko tungali wanafunzi wa chuo, katika gari la shamba lenye mabao ya kukalia. Mwalimu wetu alitusimamisha mbele ya mihrabu, akatuonyesha maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Miongoni mwetu walikuwamo waliokwisha khitimu Msahafu, na hakuna aliyeweza kusoma hata neno moja! Mwalimu akatutajia tarehe yake: Dhulkaadi, mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi ni yale yale.

Khabari hii ina uzito, kwani wapo wasemao kuwa Uislamu uliletwa Unguja na masultani wa Oman. Seyyid Said alipohamia hapa katika miaka ya 1830, maandishi hayo yalikuwa yamekwisha timiza miaka 700 na zaidi.

Siku hizi watalii huenda Kizimkazi kutazama pomboo, na baadhi yao hupita msikitini. Katika watoto wetu wa Mji Mkongwe tuliowauliza, mmoja tu alikuwa ameuona. Mwezi ujao, inshaallah, tutawachukua. Wazazi watoe nauli na kanzu safi, maana adhuhuri tutaisali huko.