Walionaswa Hawakula Mwani Wetu

Niliua samaki wasio na kosa. Tena niliwashawishi wenzangu wa kikundi tufanye hivyo pamoja, kwa fedha zetu sote.

Hapa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, mwani wetu wa aina ya spinosum ulikuwa ukipungua kwenye kamba. Kila bamvua, maji yakitoka, tulikuta vishada vimenyofoka. Na maji yakianza kujaa tuliona samaki wakiingia kwa makundi kati ya vigingi. Basi nikakata shauri kwamba walioko shambani ndio walao shamba. Nikahimiza tununue wavu wa macho madogo. Tukanunua, tukatega.

Walinaswa wengi. Jioni nilikaa kuwapaa. Nilimpasua changu mdogo, hazidi kiganja, tumboni mkatoka vipande vya gamba la kaa na konokono waliosagika. Mwani hamna. Nikampasua wa pili: vilevile. Mkundaji, yule mwenye ndevu mbili za kupekulia mchanga, alikuwa na uduvi na minyoo. Kisu kikanisimama mkononi. Tasi ndiye aliyekuwa na utumbo mrefu uliojiviringisha, umejaa rojo la kijani. Na tasi katika fungu lile walikuwa wa kuhesabu.

Jirani yetu, mzee wa madema, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "nikimtaka tasi natia mwani ndani ya dema. Nikimtaka changu, ndoana naivika ngisi. Si ungeniuliza?"

Sikumwuliza. Wala mwani wenyewe sikuutazama vizuri. Tasi akila hukata ncha, na tawi linalobaki huwa gumu, na rangi yake ile ile. Matawi yetu mengi yalikuwa yamepauka na kulainika, ukiyashika yanakatika. Huo ni ugonjwa unaozidi maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Joto halizuiwi kwa wavu.

Fedha za kikundi zilikwisha na mwani uliendelea kuoza. Wale changu walikuwa watoto: hulelewa kwenye majani ya bahari huku ndani, wakikua huhamia miambani. Tuliwamaliza kabla hawajazaa, nao ndio ambao kaka zetu wangewavua wakubwa.

Nilisimama mbele ya kikundi nikasema kosa ni langu. Wavu tumeutoa, na baadhi ya kamba tumezihamishia kwenye kina kirefu zaidi, ambako maji hayachemki. Tasi bado wanakuja, na sehemu yao wanaila.

Nawe mkulima mwenzangu, ukiona samaki wamejaa kwenye kamba zako, mpasue mmoja wa kila aina kabla hujatega. Wengi wamefuata kaa na uduvi wanaojificha humo. Kisha lishike tawi la mwani, ulikague, kabla hujamtafuta mwizi.