Kikombe Kidogo

Katika mchezo wa mpira kuna vikombe vya namna mbili. Viko ambavyo timu huvitolea jasho la mwaka mzima, na viko vinavyoshindaniwa jioni moja tu, kabla ya msimu kufunguliwa, na wachezaji ambao miguu yao bado ina uzito wa likizo. Vya kwanza huandikwa katika vitabu. Vya pili huwekwa pembeni ya kabati, na miaka michache ikipita hata mfagiaji wa chumba hajui vilitoka wapi. Lakini aliyekipata kikombe ana mizani yake, na aliyekikosa ana yake, na mizani hizo mbili ni nadra kukubaliana.

Alhamisi ya tarehe 13 Julai 2017, Everton ya Liverpool, klabu iliyoasisiwa mwaka 1878 na kutwaa ubingwa wa Uingereza mara tisa, ilicheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao baadaye ulipewa jina la Benjamin Mkapa. Gor Mahia hawakualikwa kwa hisani. Mwezi uliotangulia walikuwa wameshinda mashindano ya timu nane, nne za Kenya na nne za Tanzania, na katika fainali waliwafunga ndugu na mahasimu wao, AFC Leopards, mabao matatu kwa bila. Tuzo yao ilikuwa ruhusa ya kusimama mbele ya Waingereza.

Jicho la kila mtu lilikuwa kwa Wayne Rooney. Aliondoka Everton mwaka 2004 akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akarudi akiwa na thelathini na mmoja, na siku chache baada ya kurudi alikuwa amesimama katika joto la pwani yetu. Katika kipindi cha kwanza alipata mpira mbali na goli, yadi thelathini au zaidi, akaupiga kwa utulivu wa mtu anayeweka kofia juu ya msumari. Ukampita mlinda mlango, ukalala wavuni. Uwanja mzima ulishangilia, wakiwamo, bila shaka, wengi waliokuja kuiombea dua Gor Mahia. Mtazamaji mmoja aliingia uwanjani mbio akamkumbatia mfungaji kabla ya kuondolewa. Haikuwa adabu, lakini ni vigumu kumlaumu sana.

Furaha hiyo haikudumu. Kabla ya mapumziko Jacques Tuyisenge, mwana wa Rwanda, aliruka akapiga mpira kwa kichwa, mambo yakawa sawa. Rooney hakurudi kipindi cha pili. Ikabidi kijana, Kieran Dowell, apige shuti la chini karibu na mwisho ili Everton washinde mawili kwa moja.

Mchezo wa namna hii huitwa wa kirafiki, na jina hilo lina ukweli nusu. Kwa Everton ulikuwa zoezi: kocha Ronald Koeman alitaka kujua nani ana pumzi na nani hana. Kwa Gor Mahia ulikuwa mtihani, tena mtihani usio na marudio. Mmoja alikuwa akinoa kisu, mwingine alikuwa tayari anachinja. Ushindi wa mnoa kisu haubashiri lolote. Koeman mwenyewe alifukuzwa kazi mwezi Oktoba wa mwaka ule ule, na bao la Dar es Salaam halikuweza kumtetea.

Gor Mahia walishinda tena mashindano yale mwaka 2018, safari hii wakiifunga Simba, na Novemba wakaenda kucheza Goodison Park, wakati ule nyumbani kwa Everton. Walifungwa manne kwa bila. Hata hivyo, klabu iliyotwaa Kombe la Mandela la washindi wa Afrika mwaka 1987 haikuwa imekwenda Liverpool kupiga picha tu.

Tarehe 7 Julai 2019 ndiyo siku mizani iliyopinduka. Everton walikuja Nairobi, katika uwanja wa Kasarani, kucheza na Kariobangi Sharks, timu ya mtaa wa mashariki ya jiji ambao wageni wengi huusikia kwa sababu ya umaskini wake. Sharks walitangulia kwa penalti ya Duke Abuya. Everton walisawazisha, ikawa moja kwa moja. Ikaja mikwaju ya penalti, na Sharks wakashinda minne kwa mitatu. Kwa Waingereza lilikuwa jambo la mistari michache ya gazeti. Kariobangi lilikuwa jambo la kusimulia watoto.

Liko jambo jingine ambalo kelele za uwanjani ziliweza kulificha. Jioni ile ya 2017 kampuni moja ya kamari, SportPesa, ilizifadhili timu zote mbili, na kikombe chenyewe kilibeba jina hilo. Marafiki hao wawili, basi, walikuwa wapangaji wa mwenye nyumba mmoja. Fedha za kamari hutoka katika mifuko ya vijana wanaotia shilingi zao kwenye simu wakiitegemea, huenda, Everton hiyo hiyo. Na anayepoteza hapewi kikombe. Kuna haki ya kuuliza ni nani hasa aliyelipia nauli ya Rooney.

Mwaka 2019, baada ya mvutano na serikali juu ya leseni na kodi, kampuni hiyo iliondoa udhamini wake katika michezo ya Kenya, na mwezi Septemba ikasimamisha biashara yake huko. Ligi Kuu ya Kenya ikabaki bila mdhamini, na Gor Mahia na Leopards wakabaki wakitafuta mishahara. Everton nao waliachana nayo msimu wa 2019/20 ulipokwisha, wakapata jina jingine la kuvaa kifuani. Sharks walibaki na kikombe.