Walimu Wanalala Wapi

Mwaka 1986 mwenye nyumba wetu wa Magomeni, Dar es Salaam, alivihitaji vyumba vyake. Mwanawe alikuwa anaoa. Tulikuwa watu sita: baba, karani bandarini, mama, muuguzi Muhimbili, bibi, na sisi watoto watatu. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa darasa la tatu. Usiku, koroboi ikishazimwa, tuliwasikia wazee upande wa pili wa pazia, na hoja ilikuwa moja: Kimara au Sinza.

Kimara alikuwako baba mdogo. Alikuwa amenunua shamba la mikorosho na mihogo, ndani kidogo ya Barabara ya Morogoro, takriban kilomita 15 kutoka Posta, na alikuwa tayari kumkatia kaka yake kipande. Baba alikipenda kile kipande kwa moyo wote. Mtu aliyepanga tangu ujana wake, akionyeshwa ardhi atakayoiita yake, huwezi kumlaumu. Sinza ilikuwa kupanga tena, kwa kodi iliyozidi ya Magomeni. Lakini Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mitaa ilichorwa kabla ya nyumba, na maeneo ya shule yakatengwa mapema.

Mama hakubishana. Kazi yake ilikuwa ya zamu, hivyo alipata mapumziko katikati ya wiki, na siku hizo alizitumia kupima. Tulilala Kimara kwa baba mdogo, tukaamka saa kumi na moja, tukasimama kituoni na binamu zangu waliokuwa wakisoma mjini. Walioupitia usafiri wa miaka ile hawajausahau. Mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri, yalikuwa yamechakaa kwa kukosa vipuri, nchi haina fedha za kigeni. Tangu 1983 serikali ilikuwa imeruhusu magari ya watu binafsi, daladala, na mengine yalikuwa zile pikapu za chai maharage, abiria wanatazamana magoti kwa magoti. Mwanafunzi alilipa nauli pungufu, kwa hiyo konda aliziba mlango kwa mkono: wakubwa kwanza. Gari la kwanza likawaacha binamu zangu, na la pili vilevile. Walipofika shuleni mstari ulikuwa umeshavunjika, wakachapwa getini. Mama alisimama ng'ambo ya barabara akatazama mpaka fimbo ya mwisho.

Sinza tuliingia hadi ofisini. Nilitegemea mama aulize matokeo ya darasa la saba. Aliuliza, "Samahani mwalimu, walimu wako wanalala wapi?" Mimi niliona aibu, lakini mwalimu mkuu hakukasirika. Alimweleza mama kwamba wengi walikuwa wamepanga mitaa ile ile, wengine Kijitonyama na Manzese, na karibu wote walikuja kwa miguu.

Njiani mama alinifafanulia. Mwalimu anayegombania gari lile lile linalomwacha mtoto, naye ataachwa, na kipindi cha kwanza darasa litakaa peke yake. Jioni atawahi kituoni, na mtoto ambaye hajaelewa kugawanya atarudi nyumbani vilevile. Nimefundisha kwa miaka mingi tangu wakati huo, na sijakutana na kipimo cha shule kinachokizidi hicho.

"Baba watoto," alisema usiku ule, "sisi tuna mbavu za kugombania gari. Hawa hawana."

Tukahamia Sinza. Baba aliutaja mkorosho wa Kimara mpaka anastaafu, na kila alfajiri alitoka gizani ili awahi bandarini. Sisi tulikwenda shule kwa miguu, tukarudi kula mchana, na mwalimu wa hesabu, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alituita barazani kwake bila kudai senti. Nilifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1990, nafasi za sekondari za serikali zikiwa chache mno, nikachaguliwa. Binamu yangu mkubwa, aliyenishinda kwa hesabu za kichwa tangu tukiwa wadogo, hakuchaguliwa. Sisemi ni daladala tu. Lakini nilimjua alivyosinzia juu ya daftari kila jioni.

Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara hadi Kivukoni. Hata hivyo, nikitoka kuswali alfajiri nayaona mabasi ya shule binafsi yakizunguka mitaani, watoto wa chekechea wamelala vichwa vimeegemea vioo, kwa sababu mzazi amechagua nyumba upande mmoja wa jiji na shule upande mwingine, na umbali wote akamtwika mtoto. Inaniuma kila ninapoyaona.

Mwaka jana binti wa yule binamu yangu mkubwa alikuja kuniuliza kama ahamie Goba au Tabata. Nilimwambia aende kwenye shule za pande zote mbili siku ya mvua kubwa, kipindi cha kwanza, ahesabu madarasa yenye mwalimu. Alikwenda masika yalipoanza. Sasa wanakaa Tabata, mtoto wao anakwenda shule kwa miguu, na anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi kazi Mbezi Beach ni baba yake.