Profesa na Kupe

Ukimtajia mtu wa Nairobi jina la Wangari Maathai, atakujibu kwa miti, au kwa Uhuru Park mwaka wa 1989. Sawa. Lakini mimi nafundisha biolojia, na kinachonivuta kwake ni kupe.

Alisomea biolojia Kansas, kisha Pittsburgh. Mwaka wa 1971 akapata uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Alifundisha anatomia ya mifugo. Katika utafiti wake alitoka maabara akaenda mashambani kusaka kupe wanaoeneza ndigana kali. Kupe aliwapata. Akaona pia ng'ombe waliokonda hadi mbavu zinahesabika, na mito iliyobadilika rangi kwa udongo. Hapo ndipo naipenda akili yake. Angeweza kurudi mjini, aandike makala ya kupe, yaishe. Badala yake akaanza kujiuliza kama adui mkubwa wa ng'ombe hawa ni kupe kweli, ama ni ardhi iliyonyolewa miti.

Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na darasa lake likahamia kwa wanawake wa vijijini. Maafisa wa misitu wakashangaa, ati kupanda mti kunataka diploma! Akina mama wakaotesha miche kwenye mikebe na vyungu vilivyovunjika, wakawa wanalipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Kwangu hiyo ni maabara kamili. Mche ukifa, jaribio limeshakujibu.

Mwaka wa 1982 alijiuzulu awanie ubunge. Akazuiwa kugombea, na chuo hakikumrudisha kazini. Nobel ilikuja 2004.

Fomu yetu ya kupandishwa cheo ina nafasi ya makala na makongamano. Ya watu wa nje haina, na mimi ni mhadhiri wa muda, kwa hivyo najua ninachohatarisha nikitumia Jumamosi zangu mtoni. Majuzi nilishuka na wanafunzi hadi Mto Ngong kuchota maji ya kupima. Mama mboga mmoja akatufuata.

"Nyinyi watu wa chuo, mnapima nini? Na hii sukuma yangu, naimwagilia na hayo maji, iko salama?"

Wanafunzi wote wakanigeukia mimi.

"Ameuliza nyinyi," nikawaambia. "Mjibuni."

Mmoja akaweka chupa chini, akamwomba mama atuonyeshe shamba.