Ujuzi Unaohamishwa na Ratiba ya Zamu

Mwanangu wa pili alizaliwa mimba ikiwa na wiki 31, akiwa na uzito wa gramu 1,400. Hospitali siitaji, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayahusu hospitali moja.

Siku ile zamu ya mchana ilikuwa ya muuguzi kijana, mpole na mchapakazi, aliyehamishiwa wodi ya watoto wachanga wiki hiyohiyo akitokea wodi ya upasuaji ya wanaume. Kila kipima oksijeni kilipolia, aliongeza hewa. Sikuona kosa, nami ningefanya vivyo hivyo. Jioni akaingia muuguzi mwingine, mama wa makamo. Alitazama kipimo, akamtazama mtoto kifuani na midomoni, kisha akapunguza hewa.

"Sista, mbona unampunguzia mtoto hewa?" nilimuuliza, sauti ikinipanda.

"Baba, oksijeni ni dawa kama dawa nyingine," alinijibu bila kugeuka. "Ikizidi kwa njiti, inamharibu macho. Nataka huyu aje auone ubao shuleni."

Baadaye nilisoma, nikakuta alikuwa amesema kweli. Mishipa ya damu ndani ya jicho la mtoto njiti haijakomaa, na oksijeni iliyozidi huvuruga ukuaji wake hata kumletea upofu. Muuguzi yule alijua pia kwamba miguu ikipoa na mtoto akaanza kulegea, huenda maambukizi yameshaingia, hata kama homa haipo. Alimfundisha mke wangu kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu ya uhaba wa vifaa. Aliniambia mengi ya hayo aliyapata katika mafunzo ya majuma machache na katika miaka ya kukaa wodi moja.

Miezi mitatu baadaye tulirudi na mtoto kumshukuru. Hatukumkuta. Alikuwa amepelekwa chumba cha kufungia vidonda, kwa mzunguko wa kawaida wa watumishi. Adhabu haikuwa, wala hapakuwa na chuki. Ilikuwa ratiba tu.

Ndugu msomaji, tuitazame nchi yetu kwa takwimu zake yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni hatua ya kujivunia. Lakini katika tafiti hizo hizo, vifo vya watoto wasiotimiza siku 28 vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi 24 tu. Lengo la dunia ni kufikia 12 au chini yake ifikapo 2030. Mama ameanza kupona. Mtoto tumemwacha nyuma.

Wapo watakaosema kwamba semina zinafanyika kila mwaka. Jibu tunalo hapahapa nyumbani. Watafiti katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipima mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Wahudumu waliboreka walipojaribiwa kwa mwanasesere, lakini huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Mafunzo yalipogeuzwa kuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua. Semina humpa mtu cheti na posho. Mkono hufundishwa na mazoezi.

Uingereza muuguzi wa watoto wachanga husomea fani hiyo baada ya usajili wake wa kawaida, na viwango vyao vinataka angalau asilimia 70 ya wauguzi waliosajiliwa katika wodi hizo wawe na sifa hiyo. Mtoto wa uangalizi mahututi hutakiwa kuwa na muuguzi wake peke yake. Sisemi tuige uwiano huo kesho, hatuna watu. Nasema tuige wazo lake: kwamba huu ni utaalamu, na utaalamu una jina, cheo na mahali pake.

Hoja ya uhaba naiheshimu. Hata hivyo, mwenye maji kidogo ndiye asiyepaswa kuyamwaga. Kumfundisha mtu kisha kumhamisha ni kumwaga.

Mimi nina shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa. Hakuna mkuu wa idara atakayeniamuru muhula ujao nifundishe uhandisi wa madaraja, na kila daraja nililopanda limetambua nilichosomea. Mwanafunzi wangu akifundishwa vibaya, atarudia mtihani. Mtoto wa gramu 1,400 harudii.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoandika miundo ya utumishi na mnaopanga zamu: mafunzo haya yawe sifa inayotambulika katika kupandishwa daraja, mazoezi yafanyike wodini kila wiki, na muuguzi aliyefuzu asihamishwe bila mrithi kuandaliwa. Wanafunzi na wanaharakati, ulizeni katika wilaya zenu: wangapi wamefunzwa, na leo wako wodi gani?

Mwanangu sasa yuko darasa la pili. Hukaa dawati la nyuma, na ubao anauona.