Ukifika Dodoma: Duka Moja na Albamu Moja

Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku Dodoma kwa wingi mwaka 2016, na zaidi tangu treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilipoanza kufika Julai 2024, hatukosi wageni. Wengine huja kwa mikutano, wengine kumwona mtoto anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, wengine kumpokea mjukuu. Karibu wote hutuuliza swali lile lile: "Huku kwenu kuna nini cha kubeba nyumbani?" Sisi tulio wauguzi kwa kazi na wahudumu wa kujitolea kanisani tumeona ni vema tuwajibu wote kwa pamoja. Tunawapendekezea duka moja la chakula na albamu moja ya muziki.

Kwanza mwielewe nchi yenyewe. Uwanda huu wa kati una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi jekundu chini ya mibuyu. Kwa sababu hiyo Wagogo walijifunza zamani kukausha na kuweka akiba. Majani ya mlenda huanikwa juani na kutwangwa yawe unga, kisha hupikwa na karanga na kuliwa kwa ugali wa uwele au mtama hata wakati bustani zimekauka kabisa. Katika nchi ya namna hii, chakula kilichohifadhiwa vizuri ni uhai wa familia, na mwenye duka anayejua kuhifadhi ni mtu wa maana sana.

Duka tunalolisifu halina bango kubwa. Liko mtaani kwetu, na anayeliendesha ni mama wa makamo. Ndani utakuta unga wa uwele, mtama, mahindi, karanga, mlenda mkavu, ubuyu, ukwaju na mafuta ya alizeti. Wakati wa mavuno ya zabibu, ambayo huku huja mara mbili kwa mwaka, utakuta na beseni la zabibu mbivu mlangoni. Bei zake si za chini kuliko za wengine. Tunalipenda kwa sababu nyingine.

Magunia yake yamepangwa juu ya mbao, hayagusi sakafu wala ukuta. Karanga zipo wazi ndani ya ndoo, na ukitaka kutia mkono uzichambue kabla hajakupimia sado yako, hanuni. Mwenyewe huketi mchana na ungo, akiondoa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu. Chumvi anayouza ni ile yenye madini joto, iliyofungwa, naye haianiki juani. Mama mjamzito anayekosa madini joto huhatarisha ubongo wa mtoto aliye tumboni, na dawa yake ni hiyo chumvi ya bei ndogo.

Huenda msomaji akasema, "Mbona mnasifia ungo?" Ndugu zetu, mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata msiba mzito. Watu 68 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Sumukuvu hutokana na aina ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Ikiingia mwilini kwa wingi huharibu ini kwa muda mfupi: mgonjwa hutapika, tumbo hujaa, macho huwa ya manjano. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Tena wataalamu wameihusisha na kudumaa kwa watoto.

Sasa fikiria uji wa mtoto wa miezi minane. Mara nyingi tunauita uji wa lishe, na ndani yake tumetia mahindi na karanga, vyakula viwili ambavyo sumukuvu huvipenda kuliko vingine. Mama amejitahidi kwa moyo wote, lakini kama karanga zilikuwa mbovu, juhudi yake inamgeuka. Ndiyo sababu tunamheshimu mwenye duka yule mwenye ungo. Kuchambua hakumalizi hatari yote, lakini hupunguza sehemu kubwa, kwa kuwa punje mbovu ndizo hubeba sumu nyingi. Nazo punje mbovu zisipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Mgeni asiye na nafasi ya kuzunguka mitaani anaweza kwenda Soko Kuu la Majengo katikati ya mji, au Soko la Job Ndugai kule Nzuguni, karibu na stendi kuu ya mabasi. Aende na macho yale yale. Aulize gunia limewekwa wapi. Aombe kuchambua. Akinunua, aanike tena juani juu ya turubai akifika nyumbani, hasa kama anarudi Tanga au Dar es Salaam kwenye hewa ya unyevu. Kama muuzaji anakataza kugusa karanga zake, mama na apite kwa jirani yake.

Pendekezo letu la pili ni la masikio. Mwaka 2024 ilitoka albamu iitwayo Maisha, ya Pendo na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens. Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake. Mzee Zawose, Mgogo wa huku kwetu aliyehamia Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, ndiye aliyeipeleka ilimba na zeze la Wagogo hadi Ulaya, na albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Katika muziki wa namna hiyo, kwa muda mrefu wanawake waliachiwa kuitikia, kucheza na kupiga ngoma. Kuongoza wimbo na kushika ilimba vilikuwa vya wanaume. Katika Maisha, binti na mjukuu wamekaa mbele wenyewe.

Utasikia sauti nyingi zikipandana kama kwaya, na chini yake ilimba ikitiririka. Kuna pia mitambo ya kisasa ya studio; wazee wengine hawataipenda, sisi tumeizoea baada ya kusikiliza mara ya pili. Tunaipenda zaidi pale ngoma za muheme zinapoingia. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono.

Tunajua wako akina mama makanisani wanaosita wakisikia muheme, nao wana sababu. Ngoma hiyo ilipigwa pia katika unyago, na unyago uliandamana na ukeketaji. Takwimu za kitaifa za 2015 na 2016 zilionyesha kuwa mkoani Dodoma wanawake 47 kati ya 100 walikuwa wamekeketwa. Sisi tunaosimama kwenye chumba cha kujifungulia tumeona makovu hayo yakichanika na damu kumtoka mzazi. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na hapo hatuna mjadala. Lakini ngoma haikumkata mtu. Kisu ndicho cha kutupwa. Binti akijifunza muheme kwa nyanya yake bila kisu, amerithi kilicho chema, na sioni haya, wala wenzangu hawaoni, kuisikia ngoma hiyo hata katika sifa za kanisani.

Basi, ukija Dodoma, beba sado ya karanga ulizochambua mwenyewe, mlenda mkavu na ubuyu kidogo. Mwombe kijana wako akutafutie Maisha kwenye simu, uisikilize huku umeshika ungo. Na binti yako aketi karibu nawe, umfundishe kuitambua karanga mbovu, naye akufundishe mapigo ya muheme.